Injini Mpya, Breki za Zamani



Mji wetu wa Kamina umekua kando ya reli, na reli ilitufundisha mapema kwamba njia ya kale inaweza kupewa nguvu mpya. Pale zilipopita garimoshi za mvuke, baadaye zilitandazwa nyaya za umeme kutoka upande wa Lubumbashi na Tenke. Njia haikuhama, kilichobadilika ni nguvu inayovuta mabehewa. Lakini umeme haukuja peke yake. Ulidai nguzo, nyaya, vituo vya kuupoza, na mafundi waliokubali kurudi kuwa wanafunzi. Nguvu mpya haiingii mahali pasipodai kitu.

Neno hilo limenirudia mwaka huu kwa sababu ya gari moja dogo. Marehemu kaka yangu aliacha Toyota Corolla ya kizazi ambacho mafundi hukitambua kwa alama ya KE70. Kizazi hicho kilianza mwaka 1979, nacho ni miongoni mwa Corolla za mwisho ambazo magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Tangu mwaka 1983 Corolla nyingi mpya zimevutwa na magurudumu ya mbele. Mjane wake, shemeji yangu, analitumia gari hilo kama teksi. Ndilo linalolipa karo, unga na dawa. Kijana wake wa kwanza huliendesha, na siku zisizo na abiria hujifunza ufundi katika garaji moja mjini.

Injini yake ya asili, iitwayo 4K, ilikuwa imefika mwisho. Silinda zake zilikuwa zimekwisha kuchongwa mara mbili ili kupokea pistoni pana zaidi, wala hapakuwa tena na chuma cha kuchonga. Ilitoa moshi wa buluu, ikanywa oili karibu kama inavyokunywa petroli. Zilibaki njia tatu: kuuza gari kwa bei ya chuma chakavu, kutafuta 4K nyingine iliyochoka kama hiyo, au kuweka injini ya siku za karibu zaidi. Kijana alikuwa amepata habari ya injini ya 7K-E, iliyotolewa katika basi dogo la Toyota TownAce lililogongwa. Akaja kwangu jioni akasema, “Baba mdogo, naomba unisaidie kuongea na mama.”

Sikumjibu upesi. Nilimwomba kwanza aniandikie vipimo vya injini zote mbili, kisha tukakaa mezani na penseli. Pistoni ya 4K ina kipenyo cha milimita 75, na mwendo wake wa juu na chini ni milimita 73. Ya 7K ina kipenyo cha milimita 80.5, na mwendo wa milimita 87.5. Mtu aliyejifunza eneo la duara darasani anaweza kumaliza hesabu mwenyewe: eneo mara mwendo, mara silinda nne. Ya kwanza inatoa sentimita za ujazo 1290, ya pili 1781. Wadogo zake walifanya hesabu hiyo pamoja nasi, wakashangaa kwamba somo lile la duara lilikuwa limejificha chini ya boneti ya baba yao.

Injini hizi mbili ni za ukoo mmoja. Babu yao ni injini ya K yenye sentimita za ujazo 1077, iliyotoka pamoja na Corolla ya kwanza mwaka 1966. Kwa sababu ya udugu huo, sanduku la gia la gari la zamani linashikana na injini mpya kwa boliti zilezile. Hata hivyo udugu si usawa. Kwa kuwa pistoni za 7K zina mwendo mrefu, kimo cha injini kimezidi, na lazima upime kama boneti itafunga. Ndani ya basi injini hukaa chini ya viti; kwa hiyo bakuli la oili la chini na vishikio vyake vilitengenezwa kwa nafasi ile, si kwa nafasi ya Corolla.

Tofauti kubwa zaidi iko katika namna ya kula. Injini ya zamani hupata petroli kwa kabureta, ambayo fundi yeyote kati yetu na Bukama huifungua, akaipuliza na kuifunga. Ile ya 7K-E hupuliziwa petroli kwa mgandamizo, na kompyuta ndogo ndiyo inayoamua kiasi chake baada ya kusoma hewa na joto. Utaratibu huo una faida ya kweli: gari huwaka kwa urahisi asubuhi ya baridi, na petroli haipotei ovyo. Lakini unadai pampu yenye nguvu, bomba la kurudisha mafuta tangini, nyaya nyingi zisizo na kosa hata moja, na petroli safi. Nanyi mnajua petroli yetu mara nyingi hutoka wapi: katika madumu na chupa za kadhafi wa kando ya barabara.

Kijana aliupenda utaratibu huo mpya, nami sikumlaumu. Mtu wa miaka ishirini na miwili anayeishi mbali na viwanda ana haki ya kutaka kugusa kazi ya wakati wake. Lakini fedha za mama yake zilikuwa na mpaka. Zilitosha kununua injini na kuifunga. Baada ya hapo zilitosha jambo moja tu kati ya mawili: ama kompyuta na nyaya na pampu yake, ama breki.

“Breki zinashika, baba mdogo,” alisema. “Kila siku nabeba watu.”

“Zinashika kwa mwendo wa injini ya zamani,” nilimjibu. “Hatujaziuliza habari ya injini mpya.”

Hapa tena hesabu ina neno. Nguvu ambayo breki hulazimika kuimeza haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Gari litokalo kilomita 60 kwa saa kufika 90 limeongeza mwendo kwa nusu tu, lakini breki zake zinapokea mzigo mara mbili na robo. Injini hukua kwa boliti chache. Mahitaji ya kusimama hukua kimyakimya.

Sikutaka anikubali kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Tuliazima gari la jirani, mwenye breki nzima, tukaenda kwenye barabara tupu ya udongo nje ya mji tukiwa na kamba na vijiti. Tulipima gari la jirani, kisha Corolla yetu, ambayo injini yake iliyochoka ilihitaji kwanza mwendo mrefu ili kufika kilomita 60 kwa saa. Mara tatu alikanyaga breki, na mara tatu gari lilivutwa kushoto, huku kijiti cha kusimamia kikipitwa. Alitoka, akazunguka gari, akagusa gurudumu la mbele la kulia. Lilikuwa baridi. Breki ya upande ule haikuwa ikifanya kazi. Ya kushoto ndiyo iliyokuwa ikibeba peke yake. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Usiku ule yeye mwenyewe alimweleza mama yake. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Abiria wangu ni majirani zangu. Watoto wanaovuka barabara saa sita ni wa nyumba hizi. Fedha ziende kwenye breki.”

Ndivyo ilivyokuwa. Injini ya 7K iliingia, lakini ikavalishwa kabureta, pamoja na kisambaza cheche cha mtindo wa zamani kisichohitaji kompyuta, na pampu ndogo ya umeme ya mgandamizo mdogo. Pedi, mabomba ya mpira na pistoni za breki za mbele ni mpya. Ngoma za nyuma zilisuguliwa upya na kuwekewa viatu vipya. Boneti ilifunga, kwa nafasi ya kidole kimoja. Tulirudi na kamba yetu kwenye barabara ileile, na gari likasimama limenyooka kabla ya kijiti.

Vijana wangu, wengi wenu mnasubiri injini yenu: diploma, kazi mjini Lubumbashi, simu bora, mtaji. Ni vema kuvitamani, nami nawaombea mvipate. Lakini pateni pia mtu wa kwenda naye kwenye barabara tupu na kamba, kabla barabara haijajaa watoto. Mtu atakayewapima, si kwa jinsi mnavyoondoka, bali kwa jinsi mnavyosimama. Na mkiitwa kumpima mwenzenu, msimhubirie. Mwacheni aguse gurudumu mwenyewe.

Kompyuta ya 7K-E na nyaya zake hazikutupwa. Aliyeuza injini alizitoa kwa bei ndogo, zikiwa zimekatwakatwa, na kijana amezihifadhi katika sanduku la karatasi chini ya kitanda. Jioni anapomaliza kazi huchora njia ya kila waya katika daftari la shule, kwa rangi yake. Amefika waya wa kumi na tisa.