Ushahidi wa Jicho

Watu wengi hudhani kuwa jicho ni shahidi asiyehitaji kuapishwa. Likisema limeona, husadikiwa. Nami nilikuwa katika kundi la watu hao. Tena kwa umri wangu na kazi yangu ya ualimu nilijidhania kuwa mpimaji hodari wa mambo. Kisa nitakachosimulia hapa kilinitoa katika dhana hiyo. Ni kisa kidogo, na kilianza kwa chombo cha michezo. Walakini kilinifunza jambo ambalo sikulipata katika vitabu vingi nilivyosoma.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anakaa Tanga. Kwa muda wa miaka miwili aliweka akiba kidogo kidogo ili afungue chumba cha michezo ya kompyuta, mahali ambapo vijana wa mtaani wangelipa na kucheza kwa saa. Kompyuta sita alikuwa nazo tayari, zilizokwisha kutumiwa na watu wengine. Vilivyobaki kununuliwa vilikuwa viwambo. Mwuzaji mmoja alimwonyesha kiwambo cha inchi 27, chenye pikseli 2,560 kwa upana na 1,440 kwa kimo, akamwambia kuwa hubadili picha mara 144 katika kila sekunde. Bei yake ilikaribia mara mbili ya bei ya viwambo vya kawaida. Kijana hakutaka kuingia majini kabla ya kujua kina. Alinunua kimoja, akaniletea nyumbani pamoja na kompyuta moja.

"Shikamoo, mjomba," alisema. "Nakuomba ukae nacho majuma mawili ukipime. Ukisema ni chema nitanunua vingine vitano. Ukisema si chema nitatafuta vya namna nyingine."

Nilimwitikia marahaba, nikakubali. Neno langu, basi, lilibeba akiba ya miaka miwili ya mtu mwingine.

Yafaa nieleze kwanza kasi ya kiwambo ni nini. Kiwambo cha kawaida hubadili picha mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60, na kila picha hukaa mbele ya macho kwa milisekunde 17 hivi. Katika hezi 144 muda huo hupungua mpaka milisekunde 7. Faida ya jambo hili huonekana katika mwendo. Tuseme mpira unakwenda pikseli 960 kwa sekunde. Katika hezi 60 mpira huo huruka hatua za pikseli 16, na jicho linaloufuata bila ya kuruka huuona umefunikwa na ukungu. Katika hezi 144 kila hatua haifiki pikseli 7, na ukungu hupungua.

Nilikiweka kiwambo juu ya meza yangu, nikacheza, nikatazama, nikaandika. Kwa muda wa siku kumi nilijaza kurasa nne za sifa. Niliandika kuwa mwendo wake ni laini kama mafuta ya nazi, na kuwa mshale wa kipanya hupita juu ya kioo kama samaki apitavyo katika maji maangavu. Niliandika kuwa mtu aliyekwisha kukizoea hawezi tena kuvumilia kiwambo cha kawaida. Nilimsomea mpwa wangu maneno hayo kwa simu. Alifurahi sana, akamwahidi mwuzaji kuwa atamlipa siku ya Ijumaa.

Jumatano usiku macho yangu yalichoka. Pikseli zikiwa nyingi katika nafasi ndogo, herufi huwa safi lakini hupungua ukubwa, na mimi si kijana tena. Nikafungua mipangilio ya kompyuta ili nizikuze. Hapo ndipo nilipoona nambari niliyopaswa kuitazama siku ya kwanza: hezi 60. Aghalabu kompyuta huuweka mwendo huo yenyewe mpaka mwenye nayo aubadili, na mimi sikuubadili. Kwa siku kumi kiwambo changu kilikuwa kikienda kwa mwendo ule ule wa viwambo nilivyovidharau. Nilikuwa nimesifu kasi isiyokuwako. Wahenga walisema ukipenda chongo, huita kengeza. Mimi nilipenda nambari, nikauita mwendo wa kawaida muujiza.

Nakiri kuwa shauri la kwanza lililonijia halikuwa jema. Niliweza kuibadili nambari ile kimya kimya, nikaacha kurasa zangu kama zilivyo. Yamkini sifa zile zingekuwa kweli baadaye, wala hapana mtu ambaye angejua. Lakini ushahidi wa uongo haugeuki kuwa wa kweli kwa sababu umeafikiana na kweli kwa bahati. Na aliyekuwa akitoa fedha si mimi. Nilikaa kitambo, kisha nikampigia simu, nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda uliokuwa mrefu kwangu. Mwisho akasema, "Mjomba, afadhali tumejua leo."

Alhamisi alipanda basi akaja. Safari hii hatukuliamini jicho peke yake. Mimi niligeukia ukuta, yeye akachagua ama hezi 60 ama hezi 144 bila ya kuniambia. Kisha nikageuka, nikasukuma kipanya, nikataja mwendo. Tulifanya hivyo mara nyingi, kisha tukabadilishana. Kweli ikadhihirika kuwa tofauti iko, na kwamba kitu kikienda mbio hata macho yangu huitambua. Lakini katika maandishi yaliyotulia nilikuwa nikibahatisha kama mtu arushaye sarafu.

Halafu tulipima jambo ambalo sikulifikiria kabisa. Kiwambo hakiumbi picha. Hupokea picha zinazoumbwa na kompyuta. Pikseli 2,560 kwa 1,440 ni jumla ya pikseli 3,686,400, hali pikseli 1,920 kwa 1,080 za kiwambo cha kawaida ni 2,073,600 tu. Kompyuta za mpwa wangu, zikibebeshwa mzigo ule mkubwa, ziliweza kutoa picha 60 hivi kwa sekunde. Mpishi wa sahani 60 hana haja ya meza ya watu 144. Tulipoupunguza mzigo mpaka pikseli 1,920 kwa 1,080, na kuondoa baadhi ya mapambo ya mchezo, picha zilizidi 100 kwa sekunde. Tulijaribu pia kuyaharakisha mageuzi ya rangi kwa kadiri ya juu kabisa ambayo kiwambo kiliruhusu, ili tuifikie ile milisekunde moja iliyoandikwa juu ya sanduku. Nyuma ya kila kitu kiendacho mbio kukatokea kivuli cheupe, kibaya kuliko ukungu wenyewe. Tukarudisha kadiri ya katikati.

Siku ya Ijumaa mpwa wangu alimwendea mwuzaji, lakini hakununua vile alivyokusudia. Alichukua viwambo sita vya inchi 24, vya pikseli 1,920 kwa 1,080 na hezi 144, vyenye uwezo wa kuulinganisha mwendo wao na mwendo wa kompyuta ili picha isikatike vipande viwili. Fedha iliyosalia ilitosha viti na feni. Kile cha kwanza nilikinunua mimi kwa bei ile ile aliyotoa, na sijutii, maana kazi yangu ni kusoma, na herufi zake zilizokuzwa ni raha kwa macho ya mzee.

Nambari iliyoandikwa juu ya sanduku si uongo; ni ahadi yenye masharti, na masharti hayo yamo katika waya, katika mipangilio na katika kompyuta yenyewe. Asiyeyachungua husifu ahadi akidhani anasifu kazi.

Kurasa zangu nne sikuzichana. Nimezihifadhi katika mtoto wa meza yangu. Kila ninapoletewa insha ya mwanafunzi niitolee hukumu, nami nikahisi kuwa hukumu imekuja upesi na kwa utamu mno, huzitoa nikazisoma kwanza.