Dohani ya Kitano

Mwaka 1994, meli yetu ilipofunga gati Kobe, mabaharia wengi walikimbilia maduka ya redio na kamera. Mimi nilifuatana na mwenzangu wa Lamu, mtu wa sala, ambaye kila bandari alianza kwa kuulizia msikiti. Wa Kobe ulijengwa 1935 kwa michango ya wafanyabiashara Waislamu, wakiwemo Wahindi na Watatari, nao ndio wa kwanza Japani. Mwaka 1945 mabomu ya Wamarekani yaliteketeza mtaa mzima. Msikiti wenyewe ukabaki umesimama.

Baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa, alituambia, “Wanangu, msirudi melini kabla hamjapanda Kitano.” Tukapanda. Kobe ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1868. Eneo walilopewa karibu na bahari lilipowabana, wakajenga huko mlimani Kitano, nyumba za baraza za juu zinazotazama meli zikiingia. Moja, ya mwaka 1903, ilikuwa ya balozi mdogo wa Marekani. Kwa miaka mingi ilipakwa rangi nyeupe, hadi mafundi waliporudisha ile ya asili, kijani cha majani machanga. Jirani yake ilikuwa ya Mjerumani, ya matofali mekundu, na juu ya paa jogoo wa kuonyesha upepo. Tamthilia ya televisheni ya mwaka 1977 ndiyo iliyompa jogoo huyo umaarufu. Wasichana wa shule walikuwa wamejaa pale na kamera zao. Nadhani mimi na Mlamu tulipigwa picha nyingi kuliko nyumba.

Tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, ardhi ya Kobe ilitetemeka. Sisi tulikuwa mbali, baharini, tukasikia redioni. Waliokufa walipita 6,400. Magati tuliyoyajua yalipasuka na kudidimia.

Miaka baadaye nilirudi, safari hii bila Mlamu. Msikiti ulikuwa pale pale. Ile nyumba ya kijani ilikuwa imeshatengenezwa, lakini dohani yake ya matofali, iliyoangushwa na tetemeko, waliiacha bustanini kila mtu aione. Mjini chini, Nyumba Namba 15, nayo iliyopata kuwa ofisi ya ubalozi mdogo wa Marekani, iliporomoka yote. Waliokota vipande vyake wakaijenga upya, ikakamilika 1998. Na kwenye gati la Meriken wameacha sehemu kama ilivyovunjika, nguzo za taa zimeinama, maji yanaingia kwenye nyufa.

Nimeona miji mingi ya bandari ikificha majeraha yake kwa chokaa mpya. Kobe haikuficha, na kwangu hilo linaishinda nyumba yoyote ya mlimani. Ukifika, usiishie kwa jogoo, ambako utalipa kiingilio. Shuka hadi Meriken. Pale hulipi kitu.