Oili ya Gari la Msikiti: Matunzo au Israfu?

 

Katika vikao vya kamati za misikiti hujadiliwa mambo mengi ambayo waumini hawayasikii katika hotuba ya Ijumaa: bili ya maji, mikeka, vipaza sauti, posho ya mwalimu wa madrasa. Katika kikao chetu cha mwezi uliopita, ajenda iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa oili ya injini. Dereva aliomba magari mawili ya msikiti yaanze kuwekewa oili ya sintetiki, ambayo dukani bei yake ni zaidi ya mara mbili ya oili ya kawaida. Mzee wetu mmoja akapinga. Alisema fedha hiyo imetoka katika sanduku la Ijumaa, na ndani yake imo sarafu ya mama mjane anayeuza vitumbua. Hatuna haki ya kuimimina ndani ya injini kwa sababu ya maandishi mazuri juu ya dumu. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu: “Mzee wangu, gari hilo ndilo linalobeba jeneza. Siku likizimika njiani na maiti yumo ndani, hakuna atakayetuuliza tuliokoa shilingi ngapi.”

Kila mmoja wao alishika upande mmoja wa haki. Kwa kuwa familia nyingi zina gari, bajaji au bodaboda, na swali hili huulizwa majumbani pia, tumeona tuwashirikishe wasomaji yale tuliyoyafikia.

Tuanze na sheria, kwani mali ya msikiti si mali yetu. Wanazuoni wa fiqhi wamefundisha kwamba kinachopatikana katika wakfu hutumika kwanza kuutunza wakfu wenyewe, ndipo kilichobaki kigawiwe wanaostahiki. Anayeacha gari la wakfu likafa kwa kubana matumizi hajaokoa kitu. Amepoteza asili ili abakishe tawi. Kwa upande wa pili, Suratul Israa katika aya ya 26 na 27 inakemea ubadhirifu kwa ukali, na Suratul Furqan katika aya ya 67 inawasifu wale ambao wakitoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali husimama katikati. Basi swali letu lilikuwa: katikati ya hapo, kwa magari haya mawili, ni wapi?

Jibu lilihitaji tuielewe oili yenyewe. Kazi yake ndani ya injini ni kutenganisha chuma na chuma visisagane, kubeba joto, kuosha masizi na kuzuia kutu. Oili ya kawaida hutokana na kusafishwa kwa mafuta ghafi, na chembe zake hubaki za ukubwa tofauti tofauti. Ya sintetiki hutengenezwa kiwandani kwa kuunda chembe hizo upya ili zilingane. Kwa sababu hiyo haigandi upesi katika baridi, haivunjiki upesi katika joto kali, haipungui sana kwa kugeuka mvuke, na huacha utando mchache ndani ya injini.

Faida hizo ni za kweli. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitangaza matokeo ya vipimo vya maabara yaliyoonyesha kwamba oili za sintetiki zilifanya vizuri kuliko za kawaida kwa wastani wa asilimia 47. Kilieleza pia kwamba kubadilisha oili nchini humo kuligharimu wastani wa dola 38 kwa ile ya kawaida na dola 70 kwa sintetiki. Hata hivyo, tuzisome namba hizo kwa makini. Kufaulu zaidi katika maabara hakumaanishi kwamba kila injini itadumu zaidi kwa kiasi hicho. Tena faida kubwa mojawapo ya sintetiki ni kuwaka kwa gari katika baridi ya kugandisha maji, na baridi hiyo haipo katika pwani yetu.

Kinachotuhusu sisi ni joto, vumbi, foleni na safari fupi fupi. Hapo sintetiki husaidia, hasa injini yenye turbo, kwa kuwa turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno katika joto kali, na oili dhaifu huungua humo ikawa makaa. Lakini vumbi, masizi ya dizeli na tindikali huichafua oili yoyote. Dawa zilizochanganywa ndani ya oili ili kupambana na uchafu huo nazo huisha, iwe oili ya bei rahisi au ya bei ghali. Sintetiki iliyopitiliza muda wake ni hatari zaidi kuliko oili ya kawaida iliyobadilishwa kwa wakati.

Jambo jingine ni jina. Mwaka 1999 huko Marekani, chombo cha kusuluhisha migogoro ya matangazo ya biashara kilikubali kwamba hata mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana na kubadilishwa chembe zake yaweza kuitwa sintetiki. Tangu hapo neno hilo peke yake halimwelezi mnunuzi kila kitu. Yenye manufaa zaidi ni maandishi madogo nyuma ya dumu. Namba kama 15W-40 zinaeleza uzito: ya kwanza ni hali ya oili injini ikiwa baridi, ya pili ni hali yake ikishapata moto. Kisha kuna alama ya API: herufi S kwa injini za petroli, herufi C kwa za dizeli, na herufi inayofuata, kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo kiwango kilivyo kipya. Kitabu cha gari husema lipi linahitajika. Oili ya kawaida yenye kiwango hicho ni bora kuliko sintetiki isiyokifikia.

Baada ya hapo tuliweka hesabu ubaoni. Tuchukulie gari linatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Oili ya kawaida tuikadirie shilingi 60,000, filta 15,000 na ufundi 10,000: jumla 85,000. Ikibadilishwa kila kilomita 5,000, ni mara tatu kwa mwaka, yaani 255,000. Sintetiki tuikadirie 140,000. Pamoja na filta na ufundi ni 165,000. Ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu kilomita 10,000, gharama ya mwaka kwa wastani ni 247,500, na tofauti yote imetoweka. Ikiwa kwa sababu ya vumbi na foleni tutabadilisha kila kilomita 7,500, ni mara mbili kwa mwaka, yaani 330,000: ziada ya 75,000, au 6,250 kwa mwezi. Na kama tutanunua sintetiki kisha tuendelee kuimwaga kila kilomita 5,000 kwa mazoea, tutatumia 495,000. Hiyo ya mwisho, tulikubaliana sote, ndiyo israfu.

Hesabu hiyo ilituliza kikao. Gari la kwanza, lile kuukuu linalobeba jeneza, lina injini ya dizeli ya zamani isiyo na turbo, na inavuja kidogo. Kila wiki dereva huongeza oili. Kuweka sintetiki humo ni kuimwaga ya ghali barabarani, tena oili hiyo huweza kuosha utando wa zamani uliokuwa umeziba mianya, na mvujo ukaonekana zaidi. Tuliamua libaki na oili ya kawaida yenye kiwango cha kitabu chake, ibadilishwe kila kilomita 5,000 bila kuchelewa, na fedha iliyookolewa ikanunue sili mpya. Gari la pili, basi dogo la madrasa, ni jipya zaidi na lina turbo, na kitabu chake kinaelekeza sintetiki. Hilo tulilipitishia sintetiki kila kilomita 7,500. Ile 6,250 kwa mwezi tuliiona ni bei nafuu ya kulinda turbo, ambayo ikifa ni michango ya Ijumaa nyingi. Mzee wetu ndiye aliyetia saini wa kwanza, kwa sharti kwamba kilomita ziandikwe katika daftari na risiti zibandikwe pembeni. Sharti hilo tumelipokea kwa mikono miwili, kwani Suratun Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe, na amana isiyoandikwa ni rahisi kupotea.

Kwa familia, tunaongeza nasaha tatu. Kwanza, kijana mwenye bodaboda asitiwe tamaa na oili ya gari, hata ikiwa ya sintetiki ya bei kubwa. Katika pikipiki nyingi klachi huzama ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyingine za magari huifanya iteleze. Atafute yenye alama ya JASO MA. Pili, oili bandia zipo sokoni, na kadiri bei ya ile halisi inavyopanda ndivyo mwenye kughushi anavyopata faida zaidi. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, dai risiti, kagua mfuniko, na dumu likiisha litoboe lisijazwe tena. Muuzaji naye akumbuke onyo la Suratul Mutaffifin kwa wanaopunja. Tatu, oili chafu isimwagwe kwenye mtaro wala karibu na kisima. Jirani ana haki juu ya maji yake.

Wahenga walisema rahisi hugharimu. Wangeweza kuongeza kwamba ghali isiyohitajika nayo hugharimu. Anayetaka kujua lipi linamhusu afungue kitabu cha gari lake, apige hesabu ya mwaka mzima badala ya bei ya siku moja, kisha abadilishe kwa wakati. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mola wake. Kuchomoa kijiti cha oili na kukitazama kila asubuhi kabla ya safari kumo katika mafunzo hayo.

Wabillahi tawfiq.