The African Queen na Swali la Nyanya Yangu

Wasomaji wenzangu, muhula uliopita tulionyeshwa hapa Ediofe sinema moja ya zamani iitwayo The African Queen. Wengi walikwenda kutafuta kicheko tu, maana tuliambiwa ni picha ya mwaka 1951, na kijana wa leo hudhani kwamba picha ya zamani haina utamu. Lakini haikupita nusu saa ukumbi wote ulikuwa kimya. Nimeona yafaa niwaandikie habari zake, kwanza kwa kuwa sehemu yake ilipigwa Uganda, katika mto huu huu wa Nile tunaouvuka pale Pakwach. Na pili kwa kuwa imenifunulia jambo la jamaa yangu nililokuwa silijui.

Hadithi yenyewe ilitungwa na Mwingereza C. S. Forester, na kitabu chake kilitoka mwaka 1935. Mambo yanatokea mwaka 1914, vita kuu vilipoanza, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Askari wanakichoma kijiji chenye misheni. Mmisionari anaugua na kufa, na dada yake, Bi Rose, anabaki peke yake. Anakuja kuchukuliwa na Charlie Allnut, mwendesha mashua chakavu ya mvuke iitwayo African Queen. Basi Bi Rose anatoa shauri la ajabu: washuke mto hadi ziwani, wakaizamishe manowari ya Wajerumani. Charlie anakubali, kisha anakunywa na kukataa. Na Bi Rose anamwaga pombe yake yote mtoni, chupa baada ya chupa.

Mwongozaji wa sinema hii ni John Huston, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1906 na kufa mwaka 1987. Alikwisha kujipatia jina kwa The Maltese Falcon ya mwaka 1941, na kwa The Treasure of the Sierra Madre ya mwaka 1948, habari za watu watatu wanaotafuta dhahabu katika milima ya Mexico hata tamaa ikawaharibu. Katika picha zake nyingi desturi yake ni moja: huwachukua watu wachache, huwatia mahali pasipo msaada, kisha hungoja kuona kila mmoja ni mtu wa namna gani.

Siku zile picha nyingi zilipigwa ndani ya studio, na pori lilikuwa rangi ya ukutani tu. Huston hakuridhika na hayo. Aliwaleta wachezaji wake, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, kwanza kwenye mto Ruiki huko Congo, kisha Uganda, yaani Butiaba katika Ziwa Albert, na Maporomoko ya Murchison, mahali ambapo mto unabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43 hivi. Kamera za rangi za wakati huo zilikuwa nzito mno. Watu waliugua malaria na kuhara, na Bi Hepburn aliugua sana. Huston na Bogart walisema wao waliponea kwa whisky, kwa sababu hawakuyagusa maji! Lakini si yote yaliyopigwa huku: pale wachezaji walipotakiwa kuingia majini wenyewe, kazi hiyo ilifanywa katika studio huko London. Mwaka 1952 Bogart alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hii.

Sasa nieleze kilichotunyamazisha. Mamba na viboko wamo, lakini si wao wanaotisha. Kinachotisha ni kipande cha chuma. Baada ya mashua kupita kwenye maji makali, chuma kinachozungusha rafadha kimepinda, na hakuna fundi wala duka. Wawili hao wanawasha moto wa makaa ufukoni na kukinyosha wenyewe. Halafu wanapotea katika matete. Charlie anaingia majini kuivuta mashua kwa kamba, na anapopanda mwili wake umejaa ruba. Anatetemeka kwa kuchukia. Ruba wakiisha kutolewa, anayatazama yale maji, maana anajua ya kwamba hakuna njia nyingine. Huston hana haraka. Anatuacha tumtazame uso. Kisha Charlie anashuka tena. Na wao wakiisha kukata tamaa, kamera inapanda juu na kutuonyesha kwamba ziwa liko karibu kabisa. Sisi tunajua, wao hawajui. Hapo ndipo mtazamaji hushika kiti chake.

Likizo ilipofika nilimsimulia nyanya yangu wa Koboko habari hizi zote. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Walikula nini?"

Nikamjibu kwamba walikuwa na chakula cha makopo, na chai.

Akacheka. "Basi hao walikuwa safarini, mjukuu wangu. Hawakukimbia."

Ndipo akanieleza ya mwaka 1980, vita vilipofika Koboko, na watu wengi wa West Nile wakakimbilia Sudan na Zaire, ambayo sasa ni Congo. Mama yangu alikuwa mtoto mchanga mgongoni. Si mwendo mrefu kutoka kwetu hadi mpakani, lakini njia zilikuwa na askari, ikawachukua siku nne. Mchana walilala katika majani marefu, usiku wakatembea. Walikula viazi vya mwitu na mboga isiyo na chumvi. Nilipomwuliza habari za ruba, alisema ruba ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mtoto kulia. Mara mbili alimziba mama yangu mdomo kwa kiganja, huku akihesabu moyoni asije akamwua.

Usiku wa tatu aliketi chini akasema haendi tena. Jirani mmoja, ambaye hakuwa ndugu yake, hakumsihi wala kumkemea. Alimchukua mtoto, akajifunga mgongoni, akatangulia gizani. Ikambidi nyanya asimame amfuate.

Niliposikia hayo niliukumbuka uso wa Charlie akiyatazama maji, nikajua kwamba Huston hakusema uongo. Binadamu huokoka porini kwa kushuka mara ya pili mahali anapopaogopa, na mara nyingi ni kwa ajili ya mwenzake. Lakini nikakumbuka pia kile kijiji kilichochomwa mwanzoni. Watu wake wanakimbia, wengine wanakamatwa, na hatuwaoni tena. Kamera iliifuata mashua. Nyanya yangu angekuwa miongoni mwa wale waliokimbia.

Mwezi wa Januari 1954 ndege ya mwandishi Ernest Hemingway ilianguka karibu na maporomoko yale yale ya Murchison. Yeye, mkewe na rubani walilala porini. Kesho yake mashua ikawafikisha Butiaba, na huko ndege ya pili ikawaka moto nao ndani. Walipona, ingawa magazeti ya dunia yalikwisha kutangaza kifo chake. Usiku mmoja wa mtu mmoja mashuhuri ulijulikana London na New York. Zile siku nne za nyanya hazikuandikwa popote, hata mimi niliyelelewa mikononi mwake sikuzijua mpaka nilipomletea hadithi ya wageni.

Basi wenzangu, likizo inakuja. Atakayerudi nyumbani amwulize mzee wake walikula nini, walilala wapi, na nani alimbeba mtoto wa nani. Aandike kwa kalamu, alete hapa tusome. Jina la yule jirani nyanya hulikumbuka mpaka leo, nami nimekwisha kuliandika katika daftari langu.