Gurudumu Linalozungushwa na Mshumaa



Limezuka swali katika barza zetu hapa Kandara, nalo si dogo kwa wenye kulea. Baba mmoja miongoni mwetu alipewa zawadi na Mjerumani aliyekuwa akifanya naye kazi hapa Jeddah, siku alipokuwa akirejea kwao. Ni mnara mdogo wa mbao, mfano wa piramidi, wenye vinyago vya sikukuu ya Krismasi. Ikiwashwa mishumaa chini yake, mnara huzunguka. Watoto walistaajabu, wakauliza: nani anauzungusha? Baadhi ya wazee walijibu kwamba kitu hicho kitupwe na maswali yakome.

Kutoa hukumu ya sharia si kazi yetu, ina wenyewe. Lakini sisi tulisomesha miaka mingi, na tunaona kuwa jibu lile limechanganya mambo mawili yanayostahili kutenganishwa: sikukuu na elimu.

Kuhusu sikukuu hatuna mjadala. Vinyago vile vyasimulia kuzaliwa kwa Nabii Isa, amani iwe juu yake, kwa namna waaminivyo Wakristo. Sisi twamheshimu Nabii huyo kwa namna tuliyofundishwa katika Sura ya Maryam, na sebule zetu hazina haja ya vinyago.

Kuhusu elimu, tuwajibu watoto. Hapana jini wala betri. Hewa ipatapo moto hutanuka, ikawa nyepesi kuliko hewa iliyo kandoni mwake, ikapanda juu. Kileleni mwa mnara pana gurudumu lenye mapanga membamba ya mbao, yaliyolazwa upande kama ya feni. Hewa inayopanda huyasukuma, gurudumu likazunguka, na mhimili uliosimama juu ya ncha kali huzunguka pamoja nalo. Feni ya nyumbani husukuma hewa. Hapa hewa ndiyo isukumayo feni.

Tuwaeleze na asili yake. Chombo hiki ni maarufu katika milima ya Erzgebirge, mashariki ya Ujerumani, mpakani na Cheki, na hasa katika kijiji cha Seiffen. Wenyeji wa milima hiyo walikuwa wachimbaji wa fedha na bati. Madini yalipopungua, wengi walishika kazi ya kukereza mbao, wakapata riziki kwa mikono ile ile. Upande wa Cheki wa milima hiyo lipo bonde la Joachimsthal, ambako katika karne ya 16 zilipigwa sarafu za fedha zilizoitwa thaler. Jina hilo ndilo lililozaa "dola", na kwetu Tanzania likawa "dala", kisha "daladala". Mambo ya mbali si ya mbali kama tudhanivyo.

Wala elimu ya moto na gurudumu si ya Wazungu peke yao. Mwaka 1551 Taqi al-Din, mwanachuoni mzaliwa wa Damascus, aliandika habari za chombo cha kuchomea nyama, ambacho kijiti chake kilizungushwa na mvuke uliopiga mapanga ya gurudumu. Nasi tunaokaa jirani na al-Balad tuzitazame nyumba zake za kale: hewa ya joto hupanda kwa njia ya ngazi na kutokea juu, na upepo huingia kwa roshani za mbao, neno ambalo hata sisi tunalo. Kanuni ni ile ile moja, na aliyeiweka ni Mwenyezi Mungu.

Baba yule amekwisha kuvibandua vinyago. Gurudumu limebaki, na watoto wake wanajua kwa nini linazunguka. Asiye na chombo kama hicho akate karatasi nyepesi kwa mzunguko, mfano wa nyoka aliyejikunja, aining'inize kwa uzi juu ya mshumaa, mbali na mwali, na mtu mzima awepo. Itazunguka.

Ndugu zetu, watoto wetu wanakulia ugenini, na kila siku wanakutana na vitu vya watu wengine. Mtoto aliyenyamazishwa nyumbani haachi kuuliza. Huenda akauliza pengine, na jibu atakalopewa huko sisi hatutalisikia.

Wabillahi tawfiq.