Mnyamwezi kabebwa!

Najua nimekuwa kimya tangu mitihani ianze, msinimalize. Mitihani imekwisha, bumu likabaki kidogo (miujiza hiyo), na mimi na mwenzangu wa chumbani tukasema kabla ya kwenda fildi lazima tufike Unguja. Yeye ni Mzaramo, ana shangazi yake Michenzani, kwa hiyo kulala bure. Mimi mtoto wa Kanyenye, Tabora, nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, na nilikuwa na shida ya kitu kimoja tu kule: kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini, lile lililojengwa juu ya soko la watumwa. Forodhani na pweza ni vya wengine. (Urojo nilikula, tusidanganyane.)

Kwa wasionijua: natembelea kiti cha magurudumu, na magongo kwa safari za hapa na pale. Nyumbani nilikuwa na baiskeli ya miguu mitatu, na ule mchanga wa Kanyenye ndio ulionipa hii mikono mnayoiogopa kwenye foleni ya kantini.

Sasa, kabla sijafika kanisani, nataka niongelee kubebwa. Wabongo tuna roho nzuri mno jamani. Ukifika tu penye ngazi, wanaume wanne wameshashika kiti, na yule anayekuuliza "dada unakwenda wapi?" anakuuliza ukiwa tayari uko hewani. Hawana ubaya hata chembe. Lakini wewe uliye juu unawaza mambo matatu kwa wakati mmoja: je, huyu wa kushoto kashika sehemu inayochomoka? Je, gauni liko wapi? Na je, mimi kweli nilikuwa nakwenda huko wanakonipeleka? Suala la gauni nililimaliza siku nyingi, navaa suruali ndani. Haya mengine mawili bado.

Basi bwana, tangu tunapanda basi Tabora mpaka tunashuka kwenye boti Unguja, kila ninaponyanyuliwa huyu Mzaramo wangu anapiga kelele: "Mnyamwezi kabebwa! Jamani njooni muone, Mnyamwezi leo kabebwa!" Watu wengine wanamkodolea macho wanafikiri ananitukana. Wanaojua utani wanacheka, na mimi nacheka kuliko wao. Maana sisi na watu wa pwani ni watani, na utani wenyewe umetokana na njia hiyohiyo tuliyopita, ile ya misafara. Babu zetu walitembea kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, miezi miwili mitatu, mzigo wa frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30. Meno ya tembo kwenda pwani, vitambaa na shanga kurudi bara. Upagazi kwetu ulikuwa kazi ya kumfanya kijana aonekane mwanaume. Asiyewahi kufika pwani alikuwa anachekwa na wasichana.

Na hapa niseme kidogo kama mwalimu mtarajiwa, mnivumilie. Shuleni wengi tulikariri kwamba pembe zilibebwa na watumwa, halafu mzigo na mbebaji wote wanauzwa pwani. Ilitokea, ndiyo. Lakini kwa njia yetu ya kati wapagazi wengi walikuwa watu huru wanaolipwa, waliojadiliana ujira, na waliogoma wakipunjwa. Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu ya hilo, cha mwaka 2006. Watumwa nao walipita njia hiyo, tena wengi, na Tabora ilikuwa kituo chao. Ndiyo sababu nilitaka kuona mwisho wa njia. Mwanzo naujua, nimezaliwa jirani nao.

Asubuhi tukachukua bajaji kutoka Michenzani. Mkunazini ni jirani na soko la Darajani, kwa hiyo hukulazimika kupenya vile vichochoro vya Mji Mkongwe ambako kiti changu na pikipiki moja hatuwezi kupishana. Tukalipa, tukapewa kijana wa kututembeza, mpole, mcheshi, anakiongea Kiswahili mpaka unaona haya kufungua mdomo na Kiswahili chako cha bara.

Ziara inaanzia kwenye vyumba vya chini, chini ya jengo la Mtakatifu Monika. Vyumba viwili, na kuvifikia ni kushuka ngazi. Kijana akaniambia bila kuzungusha: "Dada, kuna njia mbili. Mimi na mwenzangu tukubebe, au ukae hapa juu nikueleze vyote." Nilimpenda kwa hilo, aliuliza nikiwa bado niko chini!

Nikanyamaza kwanza. Wadau, sijui kama nitaweza kulieleza vizuri. Hapa ndipo mahali ambapo, kwa maelezo yao, watu waliingizwa kwa nguvu za wengine, wakatolewa kwa nguvu za wengine, wakapangwa, wakashikwashikwa kuangaliwa kama wana afya. Mahali pengine popote ningekubali kubebwa na maisha yakaendelea. Pale sikutaka mkono wa mtu. Na kubaki juu nikasimuliwa pia sikutaka, kwa sababu kusimuliwa nimesimuliwa tangu darasa la tano.

Nikamwambia kuna njia ya tatu. Nikafunga breki, nikashuka kwenye kiti, nikakaa kwenye ngazi ya juu, nikaanza kushuka kwa kukalia, ngazi moja baada ya nyingine, kama mtoto. Mzaramo akashika magongo, na kwa mara ya kwanza tangu Tabora hakusema neno. Nyuma yetu kulikuwa na wageni wa Kizungu wanasubiri. Wakasubiri.

Mle ndani dari ni fupi sana. Katikati kuna kama mfereji, pembeni huku na huku pameinuka kama vitanda vya zege, na matundu madogo ya kuingizia mwanga. Wanaeleza kwamba chumba kimoja kiliwekwa wanawake na watoto 75, kingine wanaume 50. Kijana wetu akaingia ameinama. Mzaramo, mrefu kama mnazi, kajikunja mara mbili. Wale Wazungu wakaingia, mmoja akajigonga kichwa, akaona bora akae. Mwingine akakaa. Mwishowe wote tukawa chini, tumejibana ukutani, urefu mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa na nafuu, maana ndivyo nilivyoingia. Hakuna aliyeongea kwa muda. Nilisikia joto na pumzi za watu saba tu, nikajaribu kuzidisha mpaka 75, nikashindwa.

Nilipokuwa najipanda kurudi juu (kupanda ni kugumu kuliko kushuka, msije mkadanganywa), nikamuuliza kijana swali ambalo lilikuwa linanikera. Wapo wanahistoria wanaosema jengo lile ni la wamisionari, lilijengwa kwa ajili ya hospitali baada ya soko kufungwa, na kwamba vyumba vya chini huenda vilikuwa ghala tu. Yaani labda nimechafua suruali yangu nzuri kwa ajili ya stoo ya dawa! Kijana akacheka, akasema anaulizwa hivyo na wasomi kila wiki. Akanionyesha chini: soko lenyewe halina ubishi, lilikuwa hapahapa, ardhi hii. Hilo linatosha kwangu. Kama darasa la Historia lingekuwa langu ningewaambia wanafunzi yote mawili, maelezo na mashaka yake, waamue wenyewe. Juu pale kuna maonyesho mazuri yenye mabango, yalifunguliwa 2016, na mtu asiyeweza kushuka anapata mengi humo.

Nimefikiria pia kama ningetaka wabomoe zile ngazi. Hapana. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na nitaipigania mpaka nizeeke, lakini nitaanzia kwenye majengo ya juzijuzi. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, kuta zake ni mawe ya matumbawe, ukigusa huku kunabomoka kule. Sasa mtu aliyejenga kumbi za mihadhara ghorofani katika karne hii ya 21, na saruji ya kutosha anayo, bila hata mteremko mmoja, yeye anajitetea na matumbawe gani? (Wanachuo wenzangu mnajua nazungumzia jengo gani. Sisemi.)

Kanisani niliingia kwa kiti changu, Mzaramo akinisaidia kidogo mlangoni. Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo wakaweka jiwe la msingi. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, na ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Nguzo za upande wa mlangoni zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, wanasema mafundi waliziweka hivyo Askofu akiwa safarini, aliporudi akaziacha. Ninyi mnaosoma Kiswahili mkumbukeni kwa jingine: alikusanya ngano, akaandika sarufi, akatafsiri maandiko kwa Kiunguja, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo zile alama tunazokatwa kwenye fonolojia, chanzo chake kimoja kimelala pale, nyuma ya altare. Alifariki 1882.

Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni. Hapo ndipo wanaposema uliota mti wa kuchapia, mtu anafungwa, anachapwa, anayevumilia bila kulia bei yake inapanda. Niliegesha kiti pembeni. Watu wengine walikuwa wanapita juu ya duara wakipiga picha.

Halafu msalaba. Ni mdogo, wa mbao, umening'inizwa kwenye nguzo, wengine wanaupita bila kuuona. Mbao zake zinatoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa Mei 1873. Hapo nikawa mimi ndiye mwongozaji, kwa sababu huyu mzee kwetu tunamjua. Tembe lake liko Kwihara, nje kidogo ya mji, alikaa hapo mwaka 1872 akisubiri wapagazi kwa miezi. Siku zake za mwisho hakuweza kutembea kabisa, alibebwa kwenye machela. Alipokufa, Chuma na Susi na wenzao wakaukausha mwili, wakaubeba. Walipofika Unyanyembe Oktoba 1873 wakakuta Waingereza wa msafara wa Cameron, wakashauriwa wamzike palepale. Wakakataa. Mbele ya safari, wenyeji walipogoma maiti kupita kwao, wakajifanya wamemrudisha, kumbe wamemfunga upya kama mtumba wa nguo, wakapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

"Kwa hiyo," Mzaramo akanong'ona, "Mzungu naye kabebwa."

"Kabebwa."

"Na hakuulizwa anakwenda wapi."

Nilicheka mle kanisani mpaka mama mmoja akageuka. Lakini kisha nikakaa pale chini ya ule msalaba kitambo kirefu, kuliko pale kwenye duara, kuliko kule chini, na Mzaramo akaenda zake kuangalia vioo vya madirisha.

Tulitoka saa saba, jua la kupasua. Shangazi alikuwa anatusubiri na chupa yake ya asali ya Tabora niliyomletea, kashatangazia majirani kuwa amepata mkwe (nani, sijui). Bajaji ikasimama. Dereva, kijana mdogo tu, kofia ya kiua kichwani, akashuka, akakiangalia kiti, akaniangalia mimi, mikono yake kaiweka nyuma.

"Dada, wewe huwa unapandaje?"

Nikamwonyesha.