Mkate wa oti na ulimi wangu



Ndugu yangu katika imani, leo usitarajie darsa la twahara wala la mirathi. Leo nakuelezea mkate. Usicheke, soma kwanza.

Mama watoto wangu anaumwa viungo vya vidole tangu mwaka jana. Mikono iliyotukandia chapati na maandazi miaka 28, leo kufungua kifuniko cha chupa kunaishinda. Kijana wetu aliyeko Muscat alipopata habari akatuletea mashine ya kuoka mkate. Unatia vitu ndani, unabonyeza kitufe, yenyewe inakanda, inauacha unga uumuke, kisha inaoka. Ikakaa kwenye boksi miezi 4. Nilikuwa namsubiri nani aitumie? Mgonjwa?

Na wewe unajua ni mara ngapi nimekusimulia ile hadithi ya Bukhari: Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akaeleza kuwa alikuwa akiwahudumia ahli zake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Naisimulia vizuri sana mimbarini. Kwangu jikoni sikujua hata hamira inakaa wapi.

Basi Jumamosi moja baada ya alfajiri nikaifungua. Kijana alinitumia vipimo vya mkate mtamu wa oti, zile nafaka bapa tunazopikia uji. Maelekezo: oti zimwagiwe maji yaliyochemka, zilainike, zipoe. Kulainika nilisubiri. Kupoa sikusubiri, nilikuwa na darsa saa 4. Nikamimina hivyo hivyo na moto wake, nikatia asali, unga, na hamira. Kumbe hamira ni kitu hai, maji ya moto yanaiua! Niliporudi adhuhuri nikatoa kitu kifupi, kizito, ukikigonga kinalia kama mlango.

Nikamwekea na chai. Akala kipande chote, taratibu, akichovya. Akasema, "Alhamdulillah, asali imekolea." Hakuongeza neno.

Wallahi koo lilinikauka. Maana Ramadhani moja ya nyuma, mbele ya wageni wa futari, mkate wake wa kumimina ulikataa kuumuka, nami nikasema kwa kicheko, "Leo tumepikiwa tofali." Wageni wakacheka. Yeye akaingia ndani kuleta uji. Na mimi ndiye imamu, ninayejua tangu madrasa kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula, akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Iko Bukhari, iko Muslim.

Mwanamume mwenzangu, wewe unayesema "chumvi imezidi" kabla hata hujanawa mikono, najua unanisoma. Nilikuwa mwenzako.

Mkate wa pili ulikubali. Kwa anayetaka: oti kikombe 1, maji ya moto kikombe 1 na robo, acha mpaka yawe vuguvugu, ukitia kidole usione joto. Asali vijiko vikubwa 3, siagi 2, chumvi kijiko kidogo 1. Juu yake unga wa ngano vikombe 3, kisha chimba kishimo katikati utie hamira kijiko kidogo 1 na nusu, isigusane na maji mapema. Chagua mpango wa mkate mtamu, kwa kuwa asali huunguza ganda haraka. Ukishaiva utoe kwenye chombo, na utazame chini yake: kile kipanga cha kukandia hupenda kubaki ndani ya mkate.

Tulipokuwa tunaula nikamwambia, "Mama, lile neno la tofali, nisamehe." Nilidhani atauliza neno gani.

Akasema, "Ilikuwa funga ya 19. Nilikuwa na homa siku ile."

Sikujua kama alikuwa na homa. Nikanyamaza.

"Nimekusamehe, baba. Nikatie kipande kingine, cha pembeni."

Wabillahi tawfiq.